Watoto Ambao Sikuwasomea

Kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nitakusimulia. Jana ulikuja mbio kunionyesha kwenye simu kwamba umekubaliwa kusoma chuo kwa mtandao. Nilikuona ukirukaruka nikacheka. Hata mimi niliruka hivyo hivyo, hapa hapa Dzaleka, katika kambi hii ya wakimbizi ya Malawi, mpaka kiatu kikanitoka.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kule kwetu Fizi, Kongo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa kambini nilishona nguo na kufundisha watoto kanisani. Nafasi za chuo zilikuwa chache, na yangu niliingojea miaka minne. Nilipoipata, nikachagua somo la vitabu vya watoto na vijana. Watu walinitania: "Riziki, mutu muzima kama we, unasomea hadisi za batoto?" Nami nikawajibu kwa maringo kwamba watoto nawajua kuliko wao. Maringo hayo, mwanangu, ndiyo yaliyoniponza.

Mwalimu wetu alikuwa ng'ambo. Tulimjua kwa sauti tu, na kwa uso wake mdogo kwenye kompyuta ya kituo cha masomo cha hapa kambini. Wanafunzi wenzangu walitawanyika nchi nyingi. Wiki ya tatu akatupa kazi: someni kitabu hiki cha picha mbele ya watoto wa kwenu, kisha andikeni walichosema na walichofanya. Kilikuwa kitabu cha mtoto anayetembea peke yake na valizi, sanduku la safari, mkononi, akienda kwa bibi yake mbali. Maneno machache, picha nyingi.

Nikajiambia: mimi nimezaa watatu, niliofundisha hawana idadi, ya nini kuwakusanya wengine? Nikakaa kituoni asubuhi moja, nikaandika kurasa mbili safi. Watoto kumi na wawili walisikiliza kwa utulivu, niliandika. Walipiga makofi. Wote walijifunza ujasiri. Hapakuwa hata na mmoja niliyemsomea.

Mwalimu akaisifu ripoti yangu, akasema wiki inayofuata darasa zima litaisoma.

Nikaipeleka furaha yangu kwa Bibi Konsilia. Huyu alikuwa mama mzee wa Burundi, jirani yangu, kiongozi wa maombi ya akina mama. Hakujua kusoma, lakini kumdanganya ilikuwa kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikamtafsiria ripoti yote, sentensi kwa sentensi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Huyu alisema amejifunza ujasiri, anaitwa nani?"

"Walisema wote, Bibi."

"Batoto bote habana kinywa kimoja. Niambie jina la mumoja tu."

Nikatafuta jina, nikalikosa. Maharage yakaendelea kuruka kwenye ungo. Mwishowe nikamwambia ukweli.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "We Riziki," akasema, "tulipokimbia kwetu, bantu balisema mambo mengi juu yetu, na hakuna hata mumoja alikuja kutuuliza. Unajua vile inauma. Sasa na we unafanyia batoto vile vile?"

Kisha akaniambia niende nikawasomee, halafu nimweleze mwalimu wangu nilichofanya.

"Na wakinifukuza, Bibi?"

"Bakikufukuza, utakuja tupepete maharage pamoja. Lakini utakuja na uso wako." Akacheka, akaniwekea ungo mapajani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wangu niliupenda. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikatandika mkeka kando ya kanisa. Watoto tisa wakanizunguka, vichwa vimegongana juu ya tableti niliyoazima kituoni. Nikaanza kusoma. Sikufika ukurasa wa pili.

"Mama Riziki," akauliza Keza, msichana wa miaka saba, "huyu mutoto, mama yake iko wapi?"

"Na hii valizi ni kidogo sana!" akadakia Bahati. "Sufuria iko wapi? Blanketi iko wapi?"

Mwingine akasema labda sufuria kaibeba dada yake aliyetangulia mbele, ila mchoraji alimsahau. Wakabishana juu ya huyo dada. Nikawaambia mtoto anakwenda tu kumsalimia bibi yake. "Bibi yake anajua?" wakauliza. Ule utulivu niliouandika kwenye ripoti haukuonekana mahali popote. Mmoja alikuwa amenipanda mgongoni ili aone vizuri.

Keza akaomba nirudi ukurasa wa kwanza. Akaweka kidole kwenye nyumba ambayo mtoto yule ameiacha nyuma, kwenye dirisha dogo kama punje ya mchele. "Muangalie! Taa inawaka. Kuko mutu mule ndani. Ni mama yake, anamungojea!"

Basi palilipuka vigelegele, mwanangu! Watoto wale walishangilia kama vile mama huyo ni wa kwao wote. Nami nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara tano, na taa sikuiona. Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake nikamwandikia mwalimu. Mficha uchi hazai, nami nilijivua yote: kwamba watoto kumi na wawili hawakuwapo, kwamba makofi niliyapiga mwenyewe kwenye karatasi. Nikangoja siku tatu. Nilishona mikono ya shati moja kinyume, nikaifumua, nikaishona kinyume tena.

Jibu likaja. Kazi ya kwanza nimepata sifuri. Naruhusiwa kuandika upya. Na ananishukuru kwa kumwambia mwenyewe.

Safari hii niliandika majina yao, wazazi wao wakiwa wamenikubalia, na kila swali kama lilivyotamkwa, na sufuria, na taa. Darasa zima likasoma. Mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali, mwalimu mkongwe, akaandika kwamba kitabu kile amekifundisha miaka mingi, na hakuwahi kuiona taa. Nilipompasha Keza habari hiyo, alishangaa: "Kwani yeye haangaliake picha?"

Kazi ya mwisho ilikuwa kutunga kitabu chetu wenyewe. Nilikitunga na wale tisa, wao walichora. Kilihusu familia inayohama, na mtoto mdogo aliyepewa sufuria kuibeba, naye akaifanya kofia wakati wa mvua na ngoma wakati wa kupumzika. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kuu, nikaingia minibasi ya Lilongwe. Kule mjini, mtaa wa Mchesi, nilipata kiduka cha kuchapisha, cha baba mmoja Mmalawi asiyejua Kiswahili hata neno.

Nakala ya kwanza ilichukuliwa na binti yake aliyekuwa likizo. Akaanza kumsimulia baba yake kwa Kichewa, akifuata picha tu. Mwanangu, ilikuwa hadithi ile ile! Alipofika kwenye kofia ya sufuria alicheka kwa sauti, mpaka wauza ndoo wa jirani wakaja kuona. Baba yake akanikabidhi nakala zangu kwa mikono miwili. "Zikomo, amayi," akasema, yaani asante, mama. Nami nilisema zikomo nyingi kuliko zinavyohitajika, nikatoka nimezikumbatia kama mtoto mchanga.

Basi nisikilize, mwanangu. Unaingia chuo, utaombwa kuandika juu ya watu, na utajiona unawajua. Usimtie mtu maneno kinywani kabla hujakaa naye chini ukamsikiliza. Hata akiwa mtoto, hasa akiwa mtoto. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujijibu. Ukikosea, na utakosea, litaje kosa lako mwenyewe, mapema, kabla halijatajwa na mwingine. Sifuri niliifuta kwa wiki mbili. Ile sifa ya uongo ingenifuata maisha yote. Na wakikucheka kwamba unasoma vitabu vya watoto, wakaribishe mkekani wasikie wenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie masikio kabla ya kinywa, akuzungushie watoto wenye maswali usiyoyaweza, na kila utakapowasomea, wakukatize kabla ya ukurasa wa pili. Amina.