Kitenge Mbele ya Rejeta

Mke wangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Vita ilipoanza kusomba watu, kila boti ya wakimbizi iliyofika aliiulizia habari za mama yake. Asubuhi moja mchuuzi wa dagaa akatugongea mlango kwetu Katubuka, mjini Kigoma: bibi yupo Ilagala, kafika jana, hali yake si nzuri, anamwita binti yake tu.

Mke wangu hakulia. Alichukua kitenge kipya alichomwekea mama yake kwa miaka, akaingia kwenye gari.

Gari lilikuwa langu la biashara, la gia za kujibadilisha zenyewe, na lilikuwa limetoka gereji Ujiji wiki ileile. Lilikuwa likichemka, fundi akang'oa thamostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, akaitupa. "Kaka, hiki kidude cha nchi za baridi," aliniambia. "Kigoma na joto lote hili, cha nini?" Mafundi wetu wengi walifanya hivyo, nami nilimshukuru.

Barabara ilikuwa imepigwa greda. Tulipotoka mjini nikakanyaga mafuta, nikingoja ovadraivu iingie. Hiyo ndiyo gia ya juu kabisa, ambayo ikiingia magurudumu yanakimbia huku injini inapumua. Haikuingia. Injini ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikabonyeza kitufe cha kuifungia na kuifungulia ovadraivu kwenye mkono wa gia, taa ya kuonyesha imefungwa ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazimika. Kelele palepale. Nikaogopa gia boksi isitufie porini, nikapunguza mwendo, mwisho nikasimama.

"Baba watoto, mama ananingoja."

"Gia boksi ikifa, utamfikia kwa miguu?" nilimfokea. Hasira zangu hazina macho.

Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia: mekundu, safi, hayanuki kuungua. Taa ingekuwa inapepesa ningelaumu nyaya, lakini ilikuwa imezimika kabisa. Nikashika mpira wa rejeta. Ulikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu gereji mshale wa joto ulikuwa umelala chini, nami nilikuwa nikiufurahia. Gari la namna ile haliruhusu ovadraivu mpaka injini ipate moto, na bila thamostati maji yalizunguka muda wote yakipozwa na upepo. Gia boksi ilikuwa nzima kabisa.

"Nitafutie boksi, gunia, chochote cha kuzibia upepo," nikasema.

Hatukuwa na kitu. Akanipa kitenge. Nikakikunja, nikakifunga mbele ya rejeta, tukaondoka.

Baada ya mwendo kidogo mshale ukaanza kupanda. Gia ikaingia, injini ikashusha sauti, na mke wangu akashusha pumzi.

"Sasa tutafika," nikamwambia.

Tulifika. Ufukweni, chini ya turubai, wanawake waliovuka naye walikuwa wamemzunguka. Mmoja akainuka, akamshika mke wangu mabega.

"Pole, mwanangu. Amekwenda sasa hivi. Mguse, bado ana joto."

Mke wangu alipiga magoti pale kwenye mchanga na kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. Mzee mmoja akaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Mungu sikuwa na neno naye. Neno langu lilikuwa kwa fundi.

Baadaye mke wangu akarudi kwenye gari, akainua boneti mwenyewe, akafungua kitenge. Kilikuwa kimejaa vumbi na wadudu, na katikati kina doa jeusi la grisi. Nikamwambia niazime kingine kijijini.

"Hapana. Hiki ndicho chake."

Akakikung'uta, akamfunika mama yake.

Thamostati mpya niliitia, na gari likawa zuri. Lakini kila niliposafiri na mke wangu, ovadraivu ikiingia na injini ikishusha sauti, aligeuzia uso wake dirishani. Nami nilibonyeza kile kitufe, gari likarudi kwenye kelele zake, tukaenda hivyo mpaka nyumbani.