Jina la Mlangoni

Mimi nikiwa na habari njema sijui kutulia. Mama yangu alizoea kusema kwamba siri nikiibeba mimi, hata kuku wa jirani wanaijua kabla ya jua kuzama. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akikaa na siri wiki tatu nzima, barakoa usoni, katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead, hapa Sydney, katikati ya lokdauni. Jamani, nilikuwa karibu kupasuka!

Siri yenyewe ilimhusu mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Alizaliwa katika bandari moja ya Chile, akaja Sydney bado kijana na mke wake, akafanya kazi kiwandani mpaka mgongo ukakataa. Mimi nilimwita Babu, yeye akaniita mwanangu, kila mmoja kwa Kiingereza chake cha kuombea maji, na tulielewana vizuri tu. Mkewe na binti yake walikuwa wametangulia mbele ya haki. Alibakiwa na mjukuu mmoja wa kike, mwenye mimba kubwa. Wageni walikuwa hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo kila Jumapili mjukuu alisimama bustanini, mimi nikampigia simu, nao wakazungumza wakitazamana kupitia dirisha.

Jumapili moja Babu alimwomba ampe mtoto jina la ukoo wake, lile la Kihispania, maana baada yake hakukuwa na mwingine wa kulibeba. Mjukuu hakukataa. Alisema, "Nitampa, Babu. Lakini niambie limetoka wapi. Mtoto akiniuliza nitamjibu nini?" Babu hakujua. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na yeye hakuwahi kuuliza. Jioni ile hakugusa chakula.

Nilitoka pale damu inachemka. Kwetu Nakuru, watoto tunawapa majina ya wazazi wetu kwa zamu, upande wa baba kwanza, kisha upande wa mama. Binti yangu mkubwa amebeba jina la mama mkwe, na nikitaka kumgombeza lazima nichague maneno. Kwa hiyo najua uchungu wa jina kukosa wa kulibeba. Mzee wa watu afe na jina lake, nami nina simu mkononi? Thubutu!

Sikumwambia mtu. Jina nililitoa kwenye kibao cha mlango wake, ambako ofisi iliandika herufi ya kwanza ya jina lake la ubatizo, kisha jina la ukoo. Hapa silitaji, si langu kulitangaza. Ndani ya treni ya kurudi kwangu St Marys nikaliandika kwenye kikundi cha mtandaoni cha watu wanaotafuta asili ya koo zao, nikaongeza jina la ile bandari ya Chile.

Siku ya pili nikajibiwa na mama mmoja wa kaskazini mwa Hispania, anayejitolea kusoma vitabu vya zamani vya ubatizo vya kanisa lao. Naye alikuwa amefungiwa ndani kama sisi. "Nina muda kuliko nilivyowahi kuwa nao," aliniandikia, simu ikitufasiria. Kila asubuhi nikikuta picha ya ukurasa mpya, nilipiga kelele. Treni nzima iligeuka kunitazama. Lakini siku zile afadhali upige kelele kuliko kukohoa.

Na habari zenyewe zilivyokuwa tamu! Jina lile ni la kijiji kidogo milimani, kijiji cha mawe na kondoo. Kijijini kwenyewe hakuna aliyeitwa hivyo. Waliitwa hivyo walioondoka, walioshuka na kondoo kusini wakaulizwa, ninyi ni wa wapi? Nilicheka peke yangu, maana Nakuru hakuna aliyewahi kuniita Mkenya. Huo Ukenya nimeupata hapa St Marys. Baadaye kijana mmoja wa ukoo huo alivuka bahari hadi Chile, akafungua tanuri la mikate bandarini. Mji mzima familia yenye jina hilo ilikuwa ya mwoka mikate peke yake, naye alizaa mabinti watupu. Hapo ningeshtuka: basi Babu alilipata kwa nani? Furaha ilinipofusha, sikushtuka.

Jumapili ikafika, zimebaki wiki mbili mjukuu ajifungue. Nikaweka simu kwenye spika, nikasimama kama mhubiri, nikawasomea yote, kuanzia kondoo hadi tanuri. Mjukuu nje alikuwa anaruka na tumbo lake. Babu hakuruka.

"Mwanangu," akasema, "hilo ni jina la mama."

Kumbe kwao Chile kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba linatangulia, la mama linafuata. Ofisi ilishika la mwisho, na mimi nikalishika, kwa sababu sisi tumezoea la mwisho ndilo la ukoo. La baba yake lilikuwa katikati ya jina lake kamili, na kwenye kibao liliachwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki tatu za kujifanya hodari, na mzee nimemletea ukoo usio wake!

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Alikuwa mwoka mikate? Baba wa mama yangu?"

"Ndiyo, Babu."

Akatuambia kuwa mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba akaoa tena, na mle nyumbani mama hakutajwa tena. Alichobaki nacho ni picha moja kichwani: mwanamke mwenye mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Maisha yake yote alidhani aliiota.

"Ulikuwa unga," akasema. "Ulikuwa unga tu."

Nililia mpaka barakoa ikalowa, sioni haya kusema. Mjukuu naye nje analia. Alipoweza kuongea aliuliza mtoto apewe jina lipi, la baba au la mama, na Babu akamjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Karatasi ya kuzaliwa ilipotoka, mjukuu aliileta, akaibandika kwenye kioo kwa kiganja, mtoto kamlaza begani. Babu akanituma nikang'oe kibao cha mlangoni. Nikakileta. Akakiegemeza kwenye kioo kando ya ile karatasi, akapitisha kidole huku, akapitisha kule, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Mama," akasema kwa Kihispania chake. Hilo sikuhitaji simu kunifasiria.