Siku Babu Alipomaliza Kikombe

Enzi zetu... Usicheke kwanza. Najua bado navaa sare na bado naamshwa kwa kengele, lakini sisi tuliofanya mtihani wa mwisho kabisa wa darasa la nane tuna haki ya kusema enzi zetu kama mzee mwingine yeyote. Baada yetu mlango ulifungwa. Wakaja hawa wa mtaala mpya, wa gredi, wanaoambiwa na mwalimu watengeneze ufagio, na ufagio unatengenezwa na mama zao.

Enzi zetu tulichezea mpira wa karatasi za nailoni, na nadhani sisi ndio wa mwisho, kwa sababu serikali ilikuja ikapiga karatasi marufuku na mpira wetu ukawa haramu kama bangi. Tulikula githeri ya shule, mahindi na maharagwe yenye wadudu, tukawaita nyama. Maziwa ya ngamia yaliletwa na akina mama wa Kiborana kwenye mitungi ya manjano, yananukia moshi, na ukiyanywa tumbo tupu ulijua siku nzima kwamba umeyanywa. Pale kijijini kwetu Ngare Mara vumbi lilikuwa ni kama ndugu: linaingia bila kubisha, linalala kitandani kwako. Adhana ya alfajiri ilituamsha hata sisi Wakristo. Jumapili ngoma ya kanisa iliwaamsha majirani Waislamu, tukawa tumelipana.

Kaunti yenyewe ilikuwa bado mtoto kama sisi. Taa za barabarani zilipowashwa mjini Isiolo mara ya kwanza, kuna wazee waliofunga safari kwenda kuzitazama, wakarudi wakisema ni nzuri lakini zinaficha nyota.

Babu hakwenda kuziona. Na nikisema enzi zetu, mtu wa kwanza kunijia ni yeye.

Babu alikuwa baba yake baba yangu, mrefu, mkimya, na bega lake la kulia lilikuwa na chale, safu juu ya safu, zimetuna kama punje za mahindi chini ya ngozi. Kwetu Waturkana wa zamani, chale za bega lile hazikukatwa kwa urembo. Kijana alikatwa akirudi vitani, ikiwa ameua mtu. Wanawake wakamwimbia. Sisi watoto tulilijua hilo kama tunavyojua moto unachoma, na tulijivunia. Wenzetu walikuwa na babu wenye redio. Sisi tulikuwa na babu mwenye bega.

Lakini alikuwa na tabia moja. Chai ikimiminwa, kabla hajaonja, aliinamisha kikombe akamwaga funda la kwanza mlangoni. Ugali, tonge la kwanza chini. Nyama, kipande cha kwanza chini.

"Ya nani, Babu?"

"Ya mgeni wangu."

Tulidhani mgeni ni kuku, maana kuku wa Babu walikuwa wanene kuliko sisi.

Ata ndiye aliyetueleza. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na nyanya yetu hakuwa mtu wa kupunguza maneno. Mgeni ni yule mtu aliyeuawa, alisema. Babu alipokuwa kijana walifuata mifugo iliyoibwa, huko mbele ya Gotu, na huko ndiko alikomuua mtu wa upande ule mwingine. Sitataja kabila. Isiolo ni ndogo na wote tunanunua nyama kwa bucha moja. Baadaye mwaguzi, yule tunayemwita emuron, alimwambia Babu: mtu wako amekufuata nyumbani. Mlishe kwanza, wewe baadaye. Siku ukimsahau, atachukua mtoto wa nyumba hii. Na usipakate mtoto yeyote, asije akajua ni nani unayempenda.

Kuna siku moja ya njaa, Babu akiwa safarini, alipata chakula akala bila kumwaga. Alipofika nyumbani alikuta kifungua mimba wake amefariki kwa homa.

Tangu hapo Babu hakuthubutu tena. Hakumpakata mtoto aliyemfuata yule marehemu, wala baba yangu, wala Shangazi Akiru, kitinda mimba wake, wala sisi wajukuu. Ukimletea mtoto alirudisha mikono nyuma kama mtu aliyepewa sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Tulizoea. Tulifikiri mababu wote wako hivyo, kwamba mikono yao ni ya fimbo tu.

Kanisani hakuja. Kanisa letu lilikuwa la mabati, mchana linaoka watu kama mandazi, na Ata alitupeleka kila Jumapili. Babu akialikwa alijibu, "Mgeni wangu hatatosha mle ndani."

Basi ikaja sikukuu ya watoto, na mwalimu wetu wa Sande skuli akaamua tuigize Kaini na Habili. Mwalimu Kendi alikuwa ametoka Meru karibuni, mpole, anatuita "watoto wazuri", jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kututuhumu. Mimi nilipewa Kaini. Alisema sura yangu haihitaji mazoezi mengi.

"Lakini Mungu alimwekea Kaini alama," akasema. "Tutaichoraje?"

Watoto tukatazamana. Binamu yangu akajibu, "Kama zile za Babu yetu."

"Zile za begani? Ni nzuri sana!" Mwalimu Kendi akafurahi. Yeye aliona urembo, basi. Na kati yetu hakuna aliyemweleza, kwa sababu mtoto haelezi mtu mzima jambo ambalo kila mtu mzima analijua.

Siku yenyewe Babu alikuja. Shangazi Akiru, akiwa mjamzito mkubwa, alikuwa amemtania asubuhi nzima: "Mjukuu wako anakuwa mtu wa maana leo na wewe unabaki kulinda kuku?" Babu akachukua kile kigoda chake cha mti akaketi mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Nikampiga Habili kwa bua la mahindi. Habili akafa akicheka. Kanisa likacheka pia. Halafu Mwalimu Kendi, aliyekuwa sauti ya Mungu nyuma ya leso, akatoka na majivu kwenye sahani, akanivua shati upande mmoja, akanichora bega la kulia. Safu juu ya safu.

Kicheko kilikatika kama redio iliyoisha betri. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Mwalimu Kendi aliona tumeguswa, akaendelea kuchora vizuri zaidi.

Babu akasimama.

"Mwalimu. Hiyo alama, aliwekewa na nani?"

"Na Mungu, mzee."

"Kabla ya kuua?"

"Baada ya kuua."

"Ya kumwaibisha."

"Hapana, mzee. Kaini alikuwa anaogopa. Alisema kila atakayemwona atamuua. Mungu akamwekea alama ili mtu yeyote asimguse."

Babu alimtazama, akanitazama bega. "Yangu niliwekewa na watu," alisema. Akachukua kigoda chake akaenda.

Ata hakumsemesha Mwalimu Kendi mwezi mzima. Lakini Babu alianza kumtafuta pasta. Pasta wetu alipenda kuitwa mchungaji, na huko kwetu kila mtu ni mchungaji, yeye peke yake ndiye asiyekuwa na mbuzi. Basi pasta alimfuata Babu malishoni, na kwa kuwa mbuzi walikuwa zamu yangu, nilisikia.

"Damu ya Habili ililia kutoka ardhini," pasta alimwambia. "Ya Yesu nayo inalia, lakini hii inaomba usamehewe."

"Na mgeni wangu? Nikiacha, atakula wapi?"

"Mzee, mtu yule yuko mikononi mwa Mungu. Hayuko mlangoni kwako. Unayemlisha ni hofu."

"Hofu haikumuua mtoto wangu."

Mbuzi wakasogea, tukawafuata, pasta nyuma yetu. Kisha akasema, "Sijui ni nini kilimuua mtoto wako. Ila si wewe kula ukiwa na njaa. Huyo Mungu hayuko hivyo."

Hakumpa jibu jingine. Mimi nilifikiri ni jibu dogo kwa mtu aliyesoma chuo cha Biblia. Sasa nadhani ndilo lililomfanya Babu amwamini.

Jumapili moja Babu aliingia mpaka mbele. Hakuna aliyemwita. Alishusha shuka begani, akawageukia vijana waliokuwa wamekaa nyuma kabisa, wale wa kuja kanisani kuangalia wasichana.

"Nyinyi mnaniamkia kwa heshima kwa sababu ya hili bega," alisema. "Sikilizeni. Mtu yule alikuwa ananywesha mbuzi. Hakuwa na bunduki. Alikuwa ameinama. Niliimbiwa kwa kumpiga mtu aliyeinama. Hata jina lake silijui, na nimekula naye tangu siku hiyo." Akapandisha shuka begani. "Leo namrudisha kwa mwenyewe. Nimechoka. Yesu akinitaka hivi nilivyo, anichukue."

Hakuna aliyepiga makofi. Pasta alipiga magoti kando ya Babu na wakakaa hivyo, wazee wawili juu ya sakafu ya udongo. Sema pasta hakuwa mzee, ila siku ile alikuwa.

Nyumbani kulikuwa na vita.

"Ungengoja!" Ata alipiga kelele. "Akiru anazaa wiki hii au ijayo! Huyo Mungu wako hawezi kusubiri mtoto atoke?"

"Nikingoja, bado mimi ni wa yule."

"Na mtoto akichukuliwa?"

Babu akasogeza kikombe. Chai ikamiminwa. Aliishika, akanywa funda la kwanza mwenyewe, la kwanza tangu enzi ambazo baba yangu hakuwa amezaliwa. Kuku walikuja mlangoni wakasimama, wakangoja, wakatazamana. Hatukucheka.

Shangazi Akiru alijifungua mtoto wa kiume. Halafu mtoto akashikwa na homa. Homa, kama ile. Alikimbizwa hospitali mjini kwa pikipiki, mama katikati, mtoto amefungwa leso kifuani, na vumbi likawafunika kabla hawajafika barabarani.

Mchana ule Ata aliweka chai mbele ya Babu. Hakupiga kelele tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mwaga," alisema. "Tone moja tu. Nakuomba, baba Akiru. Sitamwambia mtu. Hata pasta."

Babu alishika kikombe. Mikono yake ilitetemeka mpaka chai ikamwagikia magoti, na sisi watoto tukawa hatujui kama hiyo inahesabiwa. Nilitaka amwage. Niseme ukweli, nilimwomba Mungu Babu amwage, na sijawahi kusikia ombi la kipumbavu kuliko hilo.

"Mama Akiru," alisema, "mtoto akiishi ni wa Mungu. Akifa ni wa Mungu. Mimi kule sirudi." Akanywa mpaka mwisho, akageuza kikombe chini kuonyesha hakuna kitu. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa. Nilikuwa nimesikia uhuru ukiimbwa kila Jumapili kwa vigelegele. Sikujua unaweza kumfanya mtu mzima alie hivyo, na Ata akiwa amempa mgongo.

Siku zile za kungoja Ata hakuongea naye. Babu aliendelea kunywa chai yake, polepole, kama dawa.

Kisha Shangazi Akiru akarudi, kwa miguu kutoka barabarani. Hakusalimia mtu. Alimwendea Babu moja kwa moja akamwekea mtoto magotini. Mikono ya Babu ilirudi nyuma, kwa mazoea. Ikakaa huko nyuma kidogo. Halafu ikaja mbele, akamshika mtoto jinsi alivyojua kushika kitu kichanga: miguu yote pamoja, kichwa kinaning'inia.

"Si mbuzi huyo, mzee!" Ata akapiga ukelele. "Kichwa! Shika kichwa!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu mchana ule wa chai. Akapiga magoti, akamwonyesha jinsi ya kushika.

Babu amelala kaburini sasa, nyuma ya boma, na mtoto yule yuko gredi fulani, sikumbuki, zinabadilishwa majina. Anajua kufungua simu ya mama yake kuliko anavyojua sala ya Baba Yetu. Ukimwambia alikuwa sababu ya vita nyumbani anakuuliza kama kuna video.

Kanisa letu siku hizi ni la mawe, lina feni na spika ambazo zinasikika mpaka kwa wenye ngamia. Ushuhuda una muda wake; ukizidisha, mpiga kinanda anaanza kukupigia taratibu uelewe. Vijana hawakatwi chale tena, na mabega yetu ni laini kama ya watoto wa Nairobi, lakini mifugo bado inaibwa, na wanaoenda kuifuata bado wanaimbiwa, kwenye simu, na watu ambao hawajawahi kuwaona. Babu alimwogopa mtu mmoja, tena marehemu. Sisi tunaogopa kila aliye hai: ameniona? amesemaje? mbona hajanijibu?

Muhula uliopita tuliletewa mhubiri shuleni. Alikuwa na koti zuri na sauti nzuri zaidi. Akauliza, "Nani hapa ameachiliwa huru na Yesu? Nyoosha mkono juu!" Ukumbi mzima ukanyoosha, na mimi nikanyoosha, haraka, kama darasa lililoulizwa nani anataka kwenda nyumbani mapema. Wenzangu walikuwa wakicheka na kusukumana. Mimi, ambaye kwa kawaida ndiye huanzisha kicheko, nilitazama ile mikono yote juu, imesimama imara, hakuna hata mmoja unaotetemeka kama wa Babu na kile kikombe.