Maharage Hamsini na Tisa

Jirani yangu wa upande wa kisimani huchelewa kuitikia shikamoo. Huinua kidole kwanza, humalizia Salamu Maria aliyoianza, huhamisha harage moja kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto, ndipo husema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Rozari yake ilipotea njiani siku lori lilipotuleta hapa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, karibu na misheni ya Kate. Nyumba aliyoiacha hajaitaja tena. Siku ile ile alihesabu maharage hamsini na tisa, sawa na shanga zilizopotea, akayafunga kwenye pindo la khanga, na hata mwezi ule tuliokula majani matupu hakuyapika.

Mvua ya kwanza iliponyesha mimi sikuwa na mbegu. Akalifungua pindo, akanimiminia yote mkononi.

"Sasa mama, utasali na nini?"

Akanionyesha vidole vyake kumi, vimejaa udongo. "Hivi hata njaa ikija havipikiki."

Wakati wa mavuno nilimpelekea bakuli limejaa. Akachagua hamsini na tisa, akafunga pindo, yaliyobaki akayainjika, tukala.