Rudisha Mbuzi

"Sista, mganga amekula elfu tatu yangu na mbuzi, na wewe unaniambia ati bangi? Binti yangu amerogwa!" mama mmoja alimfokea muuguzi mbele yangu, kwenye foleni ya hospitali mjini Kitale.

Binti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameziba masikio. Akashusha mikono. "Mama, si uchawi. Nimevuta tangu mwaka jana. Hizi sauti ninazosikia zilikuja baadaye."

Mama alimfunika leso yake mabegani.

"Akiacha kabisa na kumeza dawa, anaweza kupona," muuguzi alisema.

Juzi, miezi minane baadaye, nilimkuta binti sokoni Kimilili akimsaidia mamake kuuza maharagwe. "Mzee, si uongeze kilo moja!" alimwambia mteja. Sauti anazosikia siku hizi ni za wateja wakibishania bei.

Sasa wewe mganga, rudisha mbuzi na elfu tatu.