Mawe Juu ya Barafu, Siku ya Kumzika Mama

Mama alizikwa Taita, Jumamosi ya mvua, nami nilikuwa Barking, London, nimekaa kwenye kochi, nikitazama wanawake wakitelezesha mawe juu ya barafu. Watu wakiniuliza siku ile ilikuwaje, huwa nawajibu tu kwamba mtandao ulikatika. Ni kweli, lakini si yote.

Sikwenda kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji, pamoja na ombi langu la ukaazi. Wakili alinieleza kwa upole: ukitoka nchini kabla hujajibiwa, unahesabiwa umeliacha ombi. Mume wangu alitaka niende hata hivyo. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyemuuguza mama, alikataa. "Dada, usije," aliniambia kwenye simu. "Mama mwenyewe angekufukuza urudi." Nikakubali. Sikuwa na nguvu za kubishana na yeyote.

Wiki ile nyumba yetu ndogo ikawa ya matanga. Jioni watu wa ushirika wetu wa kanisa walikuja wakitoka zamu, wengine na sare za kazi chini ya makoti, wakavua viatu mlangoni, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Walikuwa wema. Ila hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kupokea pole nako ni kazi. Kila aliyeingia alinitazama usoni kwanza, aone kilio changu kimefika wapi, na ikanibidi niwe na uso wa kumpa. Aliyelia nilimbembeleza. Aliyenyamaza nilimtafutia maneno. Walipoondoka nilibaki na vikombe, na asubuhi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, nikiwageuza watu vitandani, maana likizo niliyopata ilikuwa ya siku ya mazishi tu.

Jumamosi yenyewe walifika mapema. Mume wangu aliazima viti kanisani, akaunganisha simu yake na runinga ili sote tuone mazishi mubashara. Mwenyekiti wetu wa kina mama, mama mmoja mkubwa wa kutoka Voi asiyependa mchezo, alikaa mbele kabisa na Biblia magotini. Kando yangu alikaa jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu, ambaye hakuwa wa ushirika wetu lakini hakukosa hata jioni moja.

Tuliona hema. Tuliona jeneza na picha ya mama juu yake, ile aliyopigwa akiwa amekasirika kwa kuwa jua lilimchoma macho. Kwaya ilianza wimbo. Katikati ya ubeti wa pili picha ikaganda, kikaja kile kiduara kinachozunguka, kisha giza. Tukangoja. Baada ya muda runinga ikachoka kutungojea, ikarudi yenyewe kwenye stesheni iliyokuwa imeachwa jana yake, ya michezo.

Tukaona barafu, nyeupe ukumbi mzima. Mwanamke mmoja alipiga goti, akajisukuma, akateleza chinichini akiwa ameshika jiwe la mviringo lenye mpini kama wa birika. Akaliachia taratibu. Wenzake wawili wakalikimbilia mbele na fagio ndefu, wakisugua barafu kwa nguvu zao zote.

"Zima hiyo," alisema mwenyekiti.

"Nikizima, picha ikirudi hatutaiona," alijibu mume wangu. Alipunguza sauti mpaka mwisho, akaiacha.

Mtu wa nyuma akanong'ona, "Jamani, wanapiga deki?" Kicheko kikapita, kikazibwa kwa viganja.

"Tuko msibani," mwenyekiti akakumbusha, bila kugeuka.

"Ile ni mashindano ya dunia ya bamama," jirani yangu akasema polepole. "Curling. Kule ku kazi bazee banaangaliaka ile siku muzima. Ile rangi ya katikati ndiyo banatafuta. Mwenye jiwe yake iko karibu, ndiye anapata."

Niliona vichwa vikiinama kidogo kuelekea runinga. Jiwe lilikwenda bila haraka, likapinda mwishoni kama mtu aliyebadili nia. Mwanamke aliyeliachia alibaki palepale, goti barafuni, akilisindikiza kwa macho. Nahodha wao alikuwa akipiga makelele yasiyosikika.

Ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akinitazama. Kwa mara ya kwanza wiki ile watu walijaa sebuleni kwangu na uso wangu haukuhitajika. Nilijiegemeza. Mabega yalishuka yenyewe. Sikumfikiria mama, wala mdogo wangu, wala Croydon. Nilitazama mawe.

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa hilo jekundu mbona wameliacha hapo mbele? Si walitoe!"

"Banalinda nayo, mama," jirani yangu akamweleza. "Inafichaka ile ingine ya nyuma."

"Aa," mwenyekiti akasema. Biblia ilikuwa imeteleza kidogo magotini, hakuirekebisha.

Simu yangu ililia mkononi. Alikuwa mdogo wangu, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Dada, mnaona?"

"Hatuoni kitu. Mwambie pasta angoje kidogo."

"Nimemwambia. Kaburi linaingia maji, dada. Hawakuweza kungoja. Ameshashushwa."

Wakati huohuo, kwenye runinga, jiwe la manjano lilipenya katikati, likalipiga jekundu likatoka nje kabisa. Mwenyekiti akapiga makofi. "Ewaa! Si nilisema?"

Wenzake walicheka. Kisha mmoja akanigeukia, akanyamaza, na kimya kikapita kiti kwa kiti mpaka mbele.

"Ameshashushwa," nikasema.

Mume wangu alizima runinga. Mwenyekiti aliinuka, akaja akapiga magoti mbele yangu, mama wa umri ule, kwenye zulia. "Nisamehe, mwanangu. Nimeshangilia upuuzi, mama yako anaingia kaburini."

"Hata mimi nilikuwa nikitazama, mama," nikamwambia.

Hakuamini, nadhani. Lakini alinishika mikono, na hasira niliyoitafuta ndani yangu sikuiona. Niliweka simu mezani, nikaongeza sauti. Tukasikia majembe yakichota udongo uliolowa, na kwaya ikiimba kule. Tukaimba nao. Sauti yao ilitufikia kwa kuchelewa, kwa hiyo hatukuweza kwenda pamoja. Sisi tulimaliza ubeti, wao wakawa bado wanauimba.

Baadaye watu walikula pilau wakaondoka mmojammoja, kila mtu akiwa na zamu yake. Mwenyekiti ndiye aliyeosha sufuria. Nilimkuta jikoni mikono imejaa povu. "Mama yangu naye alizikwa nikiwa nchi hii," alisema, kwa sauti ya chini. "Wakati ule hapakuwa na hata simu za kuona picha. Niliambiwa siku tatu baadaye." Nilingoja aendelee. Alisuuza mwiko, akauliza taulo liko wapi.

Alipoondoka, jirani yangu alikuwa bado kwenye kochi. Alinitazama kwa aibu. "Dada yangu, naweza washa? Nijue tu bamefika wapi."

"Washa," nikamwambia.

Nilikaa karibu naye. Wanawake walikuwa bado wakicheza, nywele zimewagandia usoni kwa jasho, na mmoja alikuwa akinyoosha mgongo kwa mikono miwili kiunoni kama nifanyavyo mimi mwisho wa zamu. Jirani alinieleza jambo kuhusu pointi. Sikulisikia lote, usingizi ulinichukua begani kwake.

Nilipoamka alikuwa ameshapanda kwake, akaniacha nimefunikwa koti langu. Mume wangu alikuwa amekunja viti vya kanisa na kuviegemeza ukutani. Kesho yake asubuhi nilivaa sare, nikaenda kazini.