Biira Aliponiita

Harufu ya waragi, ile pombe kali, iliyochanganyika na maganda ya machungwa hunirudisha Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, katika miezi mirefu ya korona shule zilipofungwa. Dada yangu Biira, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alitafuna maganda hayo ili mama asinuse alichokunywa. Alianza na wanafunzi wenzake, nyuma ya duka lililofungwa, kwa sababu siku hazikuisha na hakuna aliyejua kama tutarudi darasani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulevi wangu ulikuwa simu. Mama alinipa nisomee. Baada ya wiki mbili nikabaki na video fupi fupi, moja ikivuta nyingine, hadi macho yakaniwasha na chakula kikapoa mbele yangu. Mama alidhani nasoma.

Asubuhi moja mama alipanda mlima kwenda Mahango kuvuna kahawa. Biira alikuwa kitandani, akitapika tangu jana yake. Mama alidhani ni malaria. Mimi nilijua amekunywa.

"Kabugho, usimwache dada yako," mama aliniambia. "Akizidiwa, nipigie."

Niliketi mlangoni na simu. Kabla ya adhuhuri Biira akaniita.

"Kabugho, macho iko na shida. Niko naona nyeupe tupu, kama ukungu."

"Ngoja, hii iishe," nilimjibu bila kuinua kichwa. Ilipoisha ikaja nyingine. Aliita tena, kwa sauti ndogo zaidi, kisha akanyamaza, nami nikafurahia ule utulivu.

Mama aliporudi alasiri alimkuta Biira akipapasa ukuta, akitafuta mlango. Tulimkimbiza hospitalini kwa bodaboda. Daktari alisema pombe ile ilikuwa na sumu, akauliza ameacha kuona tangu lini, maana dawa ilitegemea saa.

"Sasa hivi tu," nilisema.

Biira aligeuza uso upande wangu. Hakuona tena.

Leo shule zimejaa. Wenzake wengine ni wauguzi, wengine wanafanya kazi forodhani Mpondwe. Yeye anafuma sweta nyumbani kwa mama. Mimi nasomea ualimu, na niko kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwezi uliopita nilimwambia mama ukweli. Aliendelea kuchambua maharage.

"Biira alinieleza siku ile ile," alisema. "Aliniomba nisikuulize. Alisema wewe ni mutoto."

Wanafunzi ninaowafundisha sasa wana umri aliokuwa nao Biira wakati ule. Wanasukumana mlangoni, wanacheka ovyo, wanasahau vitabu. Nikiwatazama ndipo ninapoona kwamba yeye pia alikuwa mtoto.